Umeme Unaoogopa Mafundi

Jumatatu, 9 Machi

Umeme umekatika tena. Si wa mtaa. Wa kwangu mimi tu! Nimetoka nje kuhakikisha: redio ya jirani inaimba kwa sauti ya kunisimanga, kwangu kimya. Ile breka kubwa kwenye sanduku la ukutani, pale koridoni, imejishusha yenyewe. Nikaipandisha. Ikajishusha. Nikaipandisha kwa upole, huku nikiisemesha kama mtoto anayekataa uji. Ikajishusha. Jua lilipopanda ikakubali kukaa. Bila sababu. Bila hata kuomba radhi.

Sasa imekuwa ndiyo desturi yake. Asubuhi inakata, jioni inakata. Mchana ni malaika.

Ingekuwa wakati mwingine ningesema liwalo na liwe. Lakini wiki hii mke wangu ana majoho ya kwaya. Kwaya nzima! Miaka yote mkuu wa kwaya anashonesha kwa yule fundi wa nguo mwenye duka la vioo. Mke wangu akaomba na yeye ajaribiwe. Akajaribiwa. Jumapili hii yanavaliwa. Yakipendeza, kazi za kanisa zote zinahamia kwetu. Yasipokamilika zinarudi kwenye vioo, na mke wangu anarudi kubadilisha zipu na kupunguza suruali za watu hadi uzeeni. Hajasema hivyo. Nimeyasoma usoni mwake wakati taa ya cherehani ilipozimika na sindano ikabaki katikati ya kitambaa.

Ameniomba tumwite mdogo wake. Mdogo wake ni fundi umeme. Ana pikapu, ana ngazi ya kukunja, ana cheti kwenye fremu. Nimesema hapana. Nimesema kwa sauti ile ya mwenye nyumba.

Sababu ni feni. Mwaka juzi feni ya sebuleni iligoma. Nikaishusha mwenyewe, nikaifungua, nikaitandaza juu ya meza ya chakula, nikaipaka mafuta kila mahali. Ikaendelea kugoma. Shemeji akaja, akasogeza pazia, akabonyeza swichi. Swichi ilikuwa nyuma ya pazia! Pazia lilikuwa jipya, sikuwa nimelizoea. Tangu siku hiyo hakuna harusi wala msiba ambao hajakisimulia kisa hicho. Kwenye msiba wa mjomba wao watu walicheka hadi mfiwa mwenyewe akafuta machozi, akamwomba arudie pale pa pazia.

Hapana. Hapati feni ya pili kutoka kwangu.

Nimemwahidi mke wangu nitaleta fundi mwingine, na umeme utatulia kabla ya Jumamosi. Akasema sawa Baba. Lakini Jumamosi asubuhi ukikatika hata mara moja, anampigia mdogo wake, cherehani inapanda pikapu, na yeye anapanda nyuma ya cherehani. Anakwenda kumalizia huko. Mimi nibaki na breka yangu tupikiane chai.

Nimepiga moyo konde. Cherehani haipandi pikapu.

Jioni nimemwagilia maua ya getini, kama kawaida yangu ya kila asubuhi na jioni. Hapo ndipo akili yangu hutulia. Pia naipa macho taa yangu. Taa hii niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe, jirani alipopaka geti lake rangi nyekundu na kuanza kusimama nje asubuhi na jioni ili asifiwe. Nguzo ni kipande cha bomba la chuma. Balbu nene. Waya nimeuzika chini ya maua, unapita ukutani hadi koridoni. Swichi sikuweka, nuru si kitu cha kuzimwazimwa. Viungo nimevizungushia ile tepu iliyobaki tulipofunga zawadi ya binti yetu, ina picha za maua ya waridi. Hata chini ya udongo kuna urembo. Nikishamaliza maua huwa naipiga taa maji kidogo, kuiondolea vumbi.

Nilipomaliza leo, umeme ukakatika. Nikainua kichwa. Jirani alikuwa getini kwake, ananitazama.

Nimeanza kuelewa kitu.

Jumanne, 10 Machi

Nimesali, nimefikiri, nimepata jibu. Jirani ananivuta umeme! Ushahidi upo. Kila umeme wangu unapokatika, yeye yuko nje amesimama. Asubuhi yuko. Jioni yuko. Mchana, anapokuwa kazini, umeme wangu hauna neno. Mtoto wa shule ya msingi angeunganisha hayo.

Lakini huwezi kumshtaki mtu kwa kusimama. Nahitaji fundi wa kuthibitisha. Nimemleta mmoja wanayemwita Testa, kwa sababu chombo chake cha kazi ni testa moja tu, ile bisibisi ya kupimia umeme, imekaa mfuko wa shati kama kalamu ya mwalimu. Alifika mchana. Akafungua sanduku la breka, akasonya, akauliza ni nani aliyenifanyia hivi. Akasema, mzee, aliyekufungia nyaya hizi hakupendi.

Mzee! Ana mvi kunishinda.

Tukawasha kila kitu. Pasi, feni, redio, cherehani, birika. Umeme ukatulia tuli kama maji ya mtungini. Testa akanitazama kwa namna ya daktari anayetazama mgonjwa aliyepona njiani. Nikamwambia subiri, utakata. Tukasubiri. Tukanywa chai. Tukanywa nyingine. Mke wangu akashona kola mbili. Haukukata. Umeme huu unawaogopa mafundi!

Akauliza kama kuna kitu chochote nilichoongeza kwenye nyaya hivi karibuni. Nikasema hakuna. Sikusema uongo. Yeye nilimwita aangalie ndani, na taa iko nje.

Kwa kuwa ilikuwa lazima afanye kazi fulani, akabadilisha soketi ya sebuleni. Ile ya zamani haikuwa na kosa, lakini alisema haipendi. Akaondoka, akasahau bisibisi yake juu ya kabati.

Jioni nikamwagilia maua. Nikaiosha taa. Umeme kwisha! Nikampigia Testa kumweleza. Akasema hawezi kutibu homa asiyoiona. Nikamwambia aje asubuhi mapema. Akasema asubuhi mapema ana watu.

Mke wangu amefungua dirisha, amekaa kwenye mwanga wa mwisho wa jua, anashona pindo kwa mkono. Amejichoma kidole. Hakulia wala kulaumu. Alikinyonya tu, akaendelea. Ni heri angenifokea.

Jumatano, 11 Machi

Mpango mpya. Fundi mmoja anaweza kudanganywa na umeme. Mafundi wawili, kila mmoja bila kujua habari za mwenzake, hawawezi. Nitasikia ya huyu, nitasikia ya yule, ukweli nitauchuja mwenyewe. Nimeshangaa kwa nini watu hawafanyi hivi siku zote.

Wa pili wanamwita Injinia Kofia. Kofia yake ni ile ngumu ya njano ya kwenye majengo, haivui hata chumbani. Alipoingia kwetu akagonga kizingiti nayo, akaridhika. Akaiona soketi mpya ya sebuleni. Akasonya. Akauliza ni nani aliyenifungia kitu hiki. Nikasema sijui, nimeikuta. Mungu anisamehe, ulimi uliteleza.

Kufumba na kufumbua, Testa akabisha hodi. Amefuata bisibisi yake!

Kumbe wanajuana. Testa alikuwa mwanafunzi wa Kofia, wakaachana kwa ubaya. Kofia akamuuliza kama ile soketi ameifunga kwa mikono au kwa miguu. Testa akamjibu kwamba alifunga jinsi alivyofundishwa na mwalimu wake, ndiyo maana imepinda. Kofia akaing'oa. Testa akairudisha. Kofia akaing'oa tena na kuweka ile ya zamani. Testa akang'oa ile ya zamani. Mimi katikati, naomba amani, nanukuu maandiko. Mwishowe Testa akaondoka na bisibisi yake na, kwa hasira, soketi zote mbili. Sasa sebuleni kuna shimo.

Mke wangu aliyasikia yote kutoka chumbani, huko kwenye cherehani. Hakutoka. Mashine ilisimama kidogo, kisha ikaendelea kwa kasi zaidi.

Kofia alipotulia akasema tatizo langu ni waya wa ardhini. Akasema nyumba yangu inahitaji fimbo mpya ya shaba ipigiliwe kwenye udongo wenye unyevu. Akatembea, akainama, akanusa. Akasimama pale pale getini, kwenye maua yangu. Hapa, akasema, hapa pana unyevu wa kutosha, tunachimba hapa.

Angekuta waya wangu. Angeuliza maswali. Angesonya. Nikamshika bega kirafiki nikamwambia udongo wa nyuma ya jiko ni bora mara mia, tangu enzi. Tukachimba nyuma ya jiko. Tukakuta bomba la maji machafu. Yaani tulilikuta kwa sululu.

Kofia akasema mabomba si fani yake. Akaenda zake. Kofia kichwani, heshima tele.

Jioni nikamwagilia maua kwa muda mrefu kuliko kawaida, maana nilikuwa na mengi moyoni. Umeme ukakata. Jirani yuko getini kwake. Akanipungia mkono! Ujasiri wa mtu huyu.

Alhamisi, 12 Machi

Siku kubwa. Naiandika polepole.

Asubuhi nilisali nikaomba ishara. Nikasema, kama niko kwenye njia sahihi, nioneshwe. Kisha nikatoka kumwagilia maua, pekupeku, suruali nimeikunja. Nikaosha taa. Nikaegemea nguzo kwa mkono wa kushoto nikitafakari. Ghafla! Msisimko. Ukaanzia kwenye vidole, ukapanda mpaka kiwiko, ukanitikisa meno. Na papo hapo, ndani, mke wangu akaita kwamba umeme umekatika.

Sikuwahi kujibiwa kwa haraka namna hiyo.

Nikaingia ndani nikiwa nang'aa, nikamsimulia. Akaweka mkasi chini. Akauliza msisimko huo nimeusikia wapi hasa. Nikasema moyoni, na kwenye kiwiko. Akauliza kama nilikuwa na viatu. Akauliza kama mikono ilikuwa na maji. Maswali ya namna hiyo, ya kidunia. Kisha akasema, Baba, nakuomba kwa yote unayoyaamini, usiiguse tena ile nguzo, tumwite mdogo wangu leo. Nikamwambia Jumamosi bado. Aliahidi Jumamosi. Akasema ndiyo aliahidi, na anajuta.

Yeye ni mtu wa imani, lakini imani yake ina tahadhari nyingi.

Ishara nikaitafsiri hivi: kaza mwendo. Basi nikakaza. Kama breka inajishusha, dawa yake ni kuizuia isishuke. Rahisi kama nini! Nikatafuta kamba ya viatu, nikaifunga ile breka ikiwa juu, nikapitisha kamba kwenye msumari wa kalenda, nikapiga fundo la baharia. Mke wangu nikamwambia ashone kwa amani. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema nimezungumza nayo.

Jioni nikamwagilia. Umeme ukakata. Nikaenda kuangalia. Breka iko juu, kamba imekaza, fundo liko vilevile, na umeme hakuna! Imejikatia kwa ndani, kichinichini, huku kwa nje inajifanya imetii. Sijawahi kukutana na unafiki wa kiwango hicho kwenye kitu kisicho na roho.

Hali ya majoho: sauti ya kwanza na ya pili tayari. Wanaume wa tena, sauti ya tatu, wako njiani. Besi hawana mikono hata mmoja.

Ijumaa, 13 Machi

Leo nimeamua kumfumania jirani. Nikimpata na waya wangu mkononi, kesi imekwisha, umeme unarudi, besi wanapata mikono, shemeji anabaki na feni yake moja.

Jioni sikuwa na papara. Nilimwagilia kwanza, ili asishuku. Umeme ukakata, kama nilivyotegemea. Nikatupa mpira wa maji, nikachukua ngazi yetu ya mbao, nikaisimamisha kwenye ukuta kati yetu, nyuma ya mti wa limau. Nikapanda. Nikachungulia. Nikatafuta waya unaotoka kwangu kwenda kwake. Niliona nguo zilizoanikwa. Niliona sufuria. Niliona kuku anayenitazama kwa jicho moja. Waya sikuuona. Mjanja ameuficha!

Nikanyoosha shingo zaidi. Ngazi ikaanza kuteleza. Nikashika tawi la limau, na limau lina miiba. Sauti ikatoka chini yangu, upande wangu wa ukuta: jirani, shikilia hapo hapo, nimekushikia ngazi.

Ni yeye. Alipita getini kwangu aliponiona nimening'inia. Akanishusha taratibu kama anashusha kabati la vyombo. Akanitoa majani kichwani. Akauliza kama ninatafuta kuku. Nikasema ndiyo. Akasema lakini nyinyi hamfugi kuku. Nikasema ndiyo maana sijampata.

Akacheka vizuri, bila ubaya. Kisha akasema mkewe amesikia kwamba tuna shida ya umeme na mama ana majoho ya watu. Kwa nini tunateseka? Akasema ana waya mrefu wa kuunganishia, aupitishe juu ya ukuta hadi dirisha la chumbani, mama ashone usiku kucha akitaka. Majirani ni wa nini?

Unaona mtego huo? Anirudishie umeme wangu mwenyewe, kwa waya wake, halafu nimshukuru!

Nikamshukuru. Nikamwambia hatuna shida yoyote. Nikamwambia majoho yamekwisha. Akanitazama, akatazama dirisha la chumbani ambamo mke wangu alikuwa amewasha mshumaa kando ya kitambaa, akakohoa, akaniaga.

Mke wangu sikumwambia. Angeelewa vibaya.

Kesho ndiyo Jumamosi. Nimeomba sana. Nimeiombea hata breka.

Jumamosi, 14 Machi

Mwandiko wa leo umepinda, nisamehewe.

Asubuhi niliamka na mpango safi. Nisiguse chochote. Mke wangu akawasha cherehani, ikanguruma kama paka mwenye furaha. Umeme upo! Akashona mkono wa besi wa kwanza. Akashona wa pili. Nikajiambia ushindi umefika, ngoja niyape maua maji kwa shukrani. Niliyapa haraka haraka, nikaipiga taa kidogo tu.

Ukakata.

Aliyetoka nje hakuwa mke wangu niliyemzoea. Na kwa bahati mbaya wakati huo huo mke wa jirani alikuwa anapita na kikapu, akampa pole, akasema mume wake amesikitika sana jana tulivyokataa ule waya. Mke wangu akageuka polepole. Akauliza, ulikataa? Nikaanza kueleza habari za mtego. Akanyanyua kiganja. Akasema amejichoma kila kidole wiki hii, ameshona kwa mshumaa, na waya ulikuwa unapita juu ya ukuta, na mimi nikakataa. Hakupaza sauti. Akachukua simu.

Pikapu haikukawia. Nikasikia hatua za shemeji koridoni. Nikasikia cherehani inanyanyuliwa mezani. Sikuweza kutazama. Nikashika tena mpira wa maji, nikarudi kwenye maua yangu, maana mwanaume lazima awe na mahali pa kusimama. Wakatoka. Yeye kabeba cherehani, mke wangu kabeba majoho kifuani kama mtoto mchanga. Shemeji akaniita kwa furaha zake zile: shemeji! Habari za feni?

Nikataka nionekane mtu asiye na neno. Nikamwaga maji kwa madaha. Nikaegemeza mkono kwenye nguzo ya taa. Kumbe mke wangu, kabla ya kutoka, alikuwa ameipandisha breka ajaribu mara ya mwisho.

Sikumbuki vizuri. Nakumbuka meno kugongana. Nakumbuka mbingu. Kisha niko chali katikati ya maua, mpira unaninyeshea usoni, na majoho yote yako chini kwenye vumbi kwa sababu mke wangu ameyaachia na anakimbia. Shemeji akapiga ukelele asiguse mtu, akaingia ndani mbio, akazima kila kitu, akarudi, akapiga magoti kwenye tope akaninyanyua kichwa. Hakucheka. Nilikingoja kile kicheko, hakikuja. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alikuwa ananiuliza jina langu, mimi niliyeoa kwao miaka yote hii.

Nilipotaja jina langu akakaa chini.

Kisha akafukua. Akauvuta waya kutoka kwenye maua kama mtu anayevuta nyoka, akafika kwenye tepu ya waridi. Akaitazama kwa muda mrefu sana. Akafungua kioo cha taa, maji yakamwagika, na ndani mna konokono. Akasema kwa sauti ndogo kwamba breka ile haikuwa na ugonjwa wowote. Kila asubuhi na kila jioni ilikuwa inaniokoa. Maji yakiingia kwenye taa, inakata. Jua likikausha, inakubali. Mke wangu akamweleza habari ya kamba ya viatu. Shemeji akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Mke wangu akakaa kwenye ngazi ya mlango akalia. Akasema majoho na yapotee yote, kwaya iimbe na mashati, ilimradi niko hapa nalowa. Nililia na mimi kidogo. Kwa kuwa nilikuwa nimelowa tayari, haikuonekana.

Shemeji akaukata waya, akatia ncha tepu nyeusi halisi, akaichukua taa yangu na nguzo yake akazitupa nyuma ya pikapu. Akawasha umeme. Ukakaa. Akamwaga ndoo nzima ya maji kwenye maua, makusudi. Ukakaa!

Cherehani ikarudi mezani. Haikuondoka, naomba hilo likumbukwe. Jirani akaja na mkewe wakasaidia kukung'uta vumbi kwenye majoho. Shemeji alipiga pasi. Mimi nilikata nyuzi. Tulifanya kazi hadi besi wote wakapata mikono, na yule besi mnene akapata na kiraka cha kwapani ambacho hakuna atakayekiona.

Jumapili, 15 Machi

Kwaya iliingia, na watu wakageuka wote kwa pamoja. Bluu ya usiku, kola nyeupe, mikono mipana. Walipoinua mikono kwenye wimbo wa kwanza, vitambaa vilishuka kwa pamoja kama maji. Nilimtazama mke wangu. Hakuwa anaimba. Alikuwa anahesabu mishono kwa macho, na kila mshono ulikuwa umekaa.

Baada ya ibada mkuu wa kwaya alimshika mikono yote miwili, vidole vyenye majeraha na vyote, akamwambia kwaya ya watoto nayo ni yake, na ya akina mama ikimpendeza. Yule bwana wa duka la vioo alikuwa nyuma ya nguzo anajifanya anasoma tangazo.

Kisha tukasimama nje, watu wakamzunguka shemeji, maana humzunguka siku zote. Mmoja akaniuliza mbona kiganja changu kina alama ya kuungua. Nikajua sasa ndiyo basi. Konokono, kamba ya viatu, waridi, yote yanakwenda hewani. Shemeji akanitazama juu ya vichwa vya watu. Kisha akaanza: mnajua huyu shemeji yangu, mwaka juzi feni yake iligoma...

Nilicheka kuliko wote. Pale pa pazia nilimsaidia kumalizia.

Nyumbani nimekaa nikifikiri. Shemeji ni mtu wa kusimulia kosa langu lolote hata mbele ya maiti. La taa hakulisimulia. Kwa nini? Nimeligeuza kila upande na jibu ni moja tu: kama taa ingekuwa na kosa, angesimulia. Hakusimulia. Kwa hiyo taa haikuwa na kosa. Pengine konokono.

Nimesali nikamshukuru Mungu kwa kunisafisha.

Jumatatu, 16 Machi

Jirani ameweka taa. Mbili! Moja kila upande wa geti jekundu, za kujiwasha zenyewe mtu akipita. Nimepita mara kadhaa kuhakikisha. Zinajiwasha kweli. Amesema nimpigie shemeji yangu nikitaka na mimi anifungie kama hizo, kumbe ndiye aliyemfungia yeye. Nikasema nitafikiria.

Nimeshafikiria. Nimempigia Testa. Yeye hana maswali mengi, na namdai soketi za sebuleni. Ataleta balbu tatu. Mke wangu simwambii, nataka imshtukize. Safari hii kila kitu ni kwa utaalamu: taa nitaivalisha mfuko wa plastiki ili konokono asipate njia, viungo nitavizungushia tepu ya waridi mara mbili, na waya nitauvuta kutoka soketi ya cherehani, maana huo ndio umeme uliokwisha kuthibitishwa kwamba haukati.

Tatizo ni udongo wa getini. Tangu shemeji aufukue umekauka, umekuwa mgumu kama jiwe, jembe linaruka. Lakini nimeshapata dawa. Kesho alfajiri naulowesha vizuri kwa mpira wa maji, ulainike, nao ukiwa bado tope, nalaza waya.